Sindano wa Kilo Saba: Kisa cha Paka Mmoja na Mikono Iliyomlisha

Aliletwa kwa sababu amegoma kula, na nyumbani kwao walikuwa wakifurahi. Siku ya kwanza bakuli lilibaki limejaa, wakasema afadhali. Siku ya pili likabaki vilevile, wakasema sasa mambo yameanza kujipa. Asubuhi ya siku ya tatu mama mwenye nyumba alifungua jokofu, paka asinyanyue hata sikio, ndipo moyo ukamlipuka. Alimbeba kwenye kapu la nguo, kwa kuwa kijumba chake cha kusafiria kilikuwa hakimwenei tena.

Chanzo ni kikao cha familia cha wiki iliyotangulia. Waliona paka amenenepa kupita kiasi, wakakiondoa ghafla chakula chake cha siku zote, wakaweka kingine kilichoandikwa kuwa ni cha kupunguza uzito. Wakakubaliana kwamba asipokila aachwe na njaa, ikimbana atakila. Kwa mbwa mzima wa afya hesabu hiyo huwa haina madhara makubwa. Kwa paka inaweza kuua, na paka mnene ndiye yuko hatarini zaidi.

Jina lake ni Sindano. Alipewa akiwa mtoto, alipookotwa amekonda mbavu nje. Hapa kliniki jina hilo lilitutesa: kila tulipoita "Sindano!" pale mapokezi, wenye mbwa walikumbatia mbwa wao. Ni dume aliyehasiwa, umri wake miaka 6. Mizani ilisoma kilo 7.2. Kwenye faili lake la zamani, alipokuwa na mwaka mmoja na nusu na mifupa imeshakomaa, tulikuta kilo 5.1.

Namwandika kwa kirefu kwa sababu katika mwaka mzima niliokuwa naye, karibu kila kosa ambalo watu wenye nia njema humfanyia paka mnene lilifanyika kwake, na moja kati ya hayo nililifanya mimi.

Siku tatu bila kula

Paka asipokula, mwili wake humwaga mafuta ya akiba ili apate nguvu, na mafuta hayo hupitia kwenye ini. Ini la paka halina uwezo wa kushughulikia wingi huo kwa haraka. Mafuta hurundikana ndani ya seli zake mpaka ini lenyewe linashindwa kazi. Kadiri paka alivyo na akiba kubwa, ndivyo mzigo unavyokuwa mkubwa, na ndiyo maana mnene anaweza kuanguka baada ya siku chache tu za njaa. Huanza kwa kulegea na kukataa chakula, wengine hutapika au kutoa udenda, kisha weupe wa macho, ufizi na ngozi ya ndani ya sikio hugeuka manjano. Akifika hapo, tiba ni kumlisha kwa mpira wa kupitishia chakula, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Wengi hupona wakiwahiwa, lakini si safari ambayo ningependa mtu yeyote aipite kwa sababu ya kikao cha familia.

Nilimfunua mdomo Sindano nikashusha pumzi. Ufizi ulikuwa bado wa waridi. Vipimo vya damu vilionyesha ini limeanza kulalamika kidogo, lakini umanjano haukuwepo. Tulimpa maji chini ya ngozi na dawa ya kichefuchefu, kisha nikaomba waniletee kile chakula chake cha zamani. Tukakipasha moto kidogo ili kitoe harufu. Jioni alikula vijiko viwili, akalala, akaamka, akala tena.

Mama yake hakuelewa. "Daktari, mimi nimemleta apungue, wewe unamrudishia kilekile kilichomnenepesha?" Ndiyo, nilimrudishia. Kwa siku kumi zilizofuata hatukuzungumza habari ya kupunguza uzito hata kidogo. Tulizungumza habari ya kula.

Kwenye damu hiyohiyo tulipima figo, tezi ya shingoni na sukari. Sukari ilikuwa juu kiasi, lakini paka akiogopa tu sukari hupanda, kwa hiyo kipimo kimoja cha mezani hakitoshi kumwita mgonjwa. Tulifanya kile kinachoonyesha wastani wa wiki mbili tatu zilizopita, kikatoka cha kawaida, na mkojo haukuwa na sukari. Hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Paka mnene yuko karibu zaidi na kisukari kuliko mwembamba, pia na maumivu ya viungo na matatizo ya njia ya mkojo, na siku akihitaji upasuaji, usingizi wa dawa unakuwa na hatari zaidi kwake.

Kiganja, mgongo wa mkono na ngumi

Watu wengi hawaoni unene wa paka wao, kwa sababu paka huongezeka gramu kwa gramu mbele ya macho yao, na manyoya huficha mengine. Kwa hiyo namfundisha mwenye paka kuona kwa vidole. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo vyake: mbavu zikijisikia hivyo, paka amekonda. Nyoosha mkono, pitisha kidole juu ya mgongo wa mkono huo, pale mifupa ilipofunikwa na ngozi nyembamba: hapo ndipo tunapopataka. Geuza mkono, gusa kiganja chini kidogo ya vidole, pale ambapo mifupa ipo lakini lazima uibonyeze: huyo amenenepa. Mama alishika mbavu za Sindano, akabonyeza, akabonyeza tena, akaniuliza kama kweli zipo.

Kipimo chetu kina alama 1 hadi 9, na 5 ndiyo ya katikati inayotakiwa. Kila alama juu ya 5 ni ziada ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito anaostahili. Sindano nilimpa 8. Ukimtazama kutoka juu hakuwa na kiuno. Alikuwa na umbo la yai. Neno moja hapa la kuwaepusha watu na hofu ya bure: ile ngozi inayoning'inia chini ya tumbo karibu na miguu ya nyuma, inayoyumba paka akitembea, si lazima iwe mafuta. Paka wengi wanayo, hata wembamba. Shika mbavu kwanza.

Kilichonisikitisha zaidi kilikuwa kiunoni, juu ya mkia. Manyoya pale yalikuwa yameshikamana kama sufu iliyolowa, na chini yake mba. Paka hujisafisha mwili mzima kwa ulimi, na huyu ulimi wake haukufika tena huko kwa miaka miwili labda. Mama alidhani ni uzee.

Kwa alama hiyo na uzito wa faili la zamani, tukaweka lengo: kilo 5.2.

Kikombe kimoja, watu wanne

Niliwaomba waandike kwa siku saba kila kinachoingia mdomoni mwa paka, bila kubadilisha lolote. Daftari lilirudi likisema "kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni." Siku ya kuja kuchukua majibu walikuwa wamekuja wote: mama, baba, binti na kaka yake. Nikawaletea kikombe chao wenyewe na mfuko wao wenyewe wa chakula, nikamwambia kila mmoja ajaze kama anavyojaza nyumbani, na nikamwaga kila kikombe juu ya mizani ya jikoni.

Mama: gramu 33. Binti: 38. Baba: 42. Kijana, ambaye hujaza mpaka punje zikaanza kuanguka mezani: 49.

Chakula chao kikavu kilikuwa na kilokalori 380 kwa gramu 100. Tofauti kati ya mkono wa mama na mkono wa kijana wake ilikuwa gramu 16, yaani kilokalori 61 hivi, na hicho ni kikombe kimoja tu. Kwa binadamu ni kama hakuna kitu. Kwa mnyama ambaye, kama tutakavyoona, mgawo wake wa siku haufiki hata 200, ni karibu theluthi ya siku nzima. Tangu siku ile sijawahi kumtajia mtu kikombe. Ni gramu, kwenye mizani, kila siku.

Tukajumlisha. Vikombe viwili kwa wastani vilitoa kilokalori 300 na ushei. Baba alikuwa akimkatia jibini usiku. Gramu 10 za jibini ngumu zina kama kilokalori 40. Binti alikuwa na vitafunwa vya paka mfukoni mwa sweta. Jumla ikawa karibu 375 kwa siku, na huyo ni paka ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuhama kutoka kochi lenye kivuli kwenda kochi lenye jua. Isitoshe, kuhasiwa hupunguza mahitaji ya nguvu ya paka na wakati huohuo huongeza hamu yake ya kula. Si sababu ya kuacha kuhasi. Ni sababu ya kupunguza mgawo mara tu baada ya upasuaji, jambo ambalo pale kwao, na nadhani hata sisi kliniki enzi hizo, hakuna aliyelisema.

Hesabu ya mgawo mpya nitaiandika wazi, kwa kuwa watu huidhani ni siri ya madaktari. Chukua uzito unaoutaka, 5.2. Uzidishe kwa wenyewe mara mbili, yaani 5.2 mara 5.2 mara 5.2, utapata 140.6. Bonyeza kitufe cha kipeuo cha pili kwenye kikokotoo, kisha kibonyeze tena. Inatoka 3.44. Zidisha kwa 70: 241. Hizo ndizo kilokalori anazotumia paka wa kilo 5.2 akiwa amepumzika. Ili apungue, tunampa asilimia 80 ya hizo: 193. Tukakubaliana 195. Ni mahali pa kuanzia tu; paka hutofautiana, na mizani ndiyo inayosema kama umepatia. Na si hesabu ya kufanya kabla daktari hajampima paka wako.

Swali la baba lilikuwa la maana: kwa nini wasimpe nusu ya chakula kilekile cha zamani? Kwa sababu chakula cha kawaida kimepangwa ili paka apate protini, vitamini na madini yake akila kiasi cha kawaida. Ukikata nusu ya kalori, umekata na nusu ya hayo mengine, na paka ni mla nyama asiye na mbadala; akikosa protini ya kutosha atapungua kwa kula misuli yake mwenyewe. Vyakula vilivyotengenezwa kwa kupunguza uzito vina virutubisho vingi zaidi katika kila kalori. Tulichagua kimoja tofauti kabisa na kile alichokigomea, maana paka akishaumwa karibu na chakula fulani hukichukia kwa muda mrefu. Kikavu gramu 30 zenye kilokalori 96, na kilaini cha kopo gramu 130 zenye karibu 98. Kile cha kopo zaidi ya robo tatu ni maji, kwa hiyo kinajaza tumbo kwa kalori chache.

Hatukuvichanganya. Tuliweka bakuli mbili, la zamani na jipya, pembeni kwa pembeni, na la zamani tukawa tunalipunguza polepole. Alichukua siku 12 kuhama, na katika siku hizo amri ilikuwa moja: akipitisha saa 24 bila kula, mnipigie simu.

Wiki ya kumi

Mwendo salama kwa paka ni kupoteza asilimia nusu hadi 2 ya uzito wake kwa wiki, na mimi nafurahia zaidi asilimia moja au chini yake. Kwa Sindano hiyo ni kama gramu 70 kwa wiki, kiasi ambacho mizani ya bafuni haiwezi kukiona. Kupanda mizani ukiwa umembeba, kisha ukajipima peke yako na kutoa, kunakupa picha tu. Walinunua mizani ya watoto wachanga.

Wiki ya 2 alikuwa 7.12. Ya 4, 6.96. Ya 6, 6.85. Mama akawa ananitumia picha za mizani kama watu wanavyotuma za mahafali. Wiki ya 8 mizani ikasema 6.85 tena. Ya 10, 6.88.

Hapa ndipo nilipokosea. Kusimama kwa uzito hutokea. Mwili ukipungua unatumia kidogo, na kawaida tunakata asilimia 5 hadi 10 ya mgawo. Nikafanya hivyo kwa simu, bila kuuliza swali hata moja: kutoka 195 kwenda 180. Mama akapima gramu kwa uaminifu wote. Paka akaanza kulia usiku. Kwa wiki nzima nyumba haikulala, na paka hakupungua hata gramu moja.

Aliyegundua ni binti, na wala hakuwa akimchunguza mtu. Alikuwa na mtihani, akaamka saa kumi na moja alfajiri kusoma, akaenda jikoni kunywa maji. Taa ilikuwa imezimwa. Babu yake, baba mzazi wa baba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na Sindano juu ya miguu yake, na gotini karatasi laini iliyofunuliwa, ndani yake vipande vya kuku alivyoviweka akiba kutoka kwenye sahani yake ya usiku. Alikuwa akivichambua kwa vidole, kipande kimoja kimoja, akikagua asije akamtia mfupa. Binti akasema, "Babu!" Mzee hakushtuka. Alimalizia kumpa kile alichokuwa nacho mkononi, akasema, "Mjukuu wangu, huyu ndiye peke yake anayeniamkia humu ndani."

Babu hakuwa amehudhuria kile kikao, wala hakuwa ameitwa kliniki. Hakuna aliyemhesabu. Kwenye daftari la siku saba jina lake halikuwepo kabisa, na mimi niliyejigamba kwa kupima vikombe vinne sikuuliza ndani ya nyumba wanaishi watu wangapi. Baadaye tulikisia kuwa zile alfajiri zilimwongezea paka kilokalori 60 au 70 kwa siku. Mgawo ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilikata chakula cha kwenye bakuli kwa sababu ya chakula cha kwenye goti.

Mama alikuja amekasirika, anataka nimwandikie barua ya kitaalamu ya kumkataza baba mkwe wake. Nikamwomba aje naye badala ya barua. Mzee alikuja amevaa kofia, Sindano kwenye kapu, akaketi. Nikamwamkia, nikampa kiti cha karibu na meza, na sikumwambia habari za ini wala kisukari. Nilimwomba ashike mbavu, kisha nikamwonyesha yale manyoya ya kiunoni. Alinyamaza kidogo. "Hawezi kujifuta?" Hawezi, babu, hafiki. Akapitisha mkono pale mara kadhaa, akaniuliza nataka afanye nini.

Kwa kweli ushauri wangu wa kawaida kwa paka anayeamsha watu alfajiri ni mwingine: nunua bakuli la saa linalojifungua lenyewe, ili paka asihusishe kuamka kwa binadamu na chakula. Paka kwa asili huchangamka mapambazuko na magharibi, na ukimlisha kila akilia umemfundisha kulia. Lakini bakuli la saa lingemwondoa babu, na kwa babu ile alfajiri haikuwa ya paka peke yake. Basi tukaitengea alfajiri sehemu ya mgawo badala ya kuifuta. Gramu 8 za punje kavu, kati ya zile 30, zikawa za babu. Mama huzipima usiku na kuzitia kwenye kichupa. Saa kumi na moja babu hukaa mwanzo wa korido na kurusha punje moja moja, na Sindano huzifuata. Mgawo tukaurudisha 195. Nikamkabidhi babu na daftari, awe yeye wa kuandika uzito na lolote atakaloliona.

Korido ile ilifanya kazi moja zaidi. Hapo kabla tulikuwa tumejaribu kumchezesha kwa kijiti chenye unyoya, dakika tano mara mbili kwa siku. Baada ya dakika mbili alijilaza ubavu na kupiga unyoya akiwa amelala, kama mzee anayefukuza nzi. Punje alizikimbilia. Sipendi kuwadanganya watu hapa: mazoezi ya paka hayachomi kalori nyingi, na hakuna paka aliyekonda kwa kijiti. Kazi yake ni kulinda misuli wakati mafuta yanatoka, kulainisha viungo, na kumpa paka jambo la kufanya zaidi ya kungoja bakuli.

Wiki ya 12, mwandiko wa babu, herufi kubwa na mkono unaotetemeka kidogo: 6.80.

Tundu

Miezi iliyofuata haina hadithi, na hiyo ndiyo sifa yake. Gramu 50, gramu 60, wiki moja sifuri, wiki nyingine 70. Baba aliacha jibini, akalirudia mara mbili, akaliacha.

Sijasema kwamba nyumbani kulikuwa na paka wa pili, jike mzee mwembamba waliyemwita Bi Mkubwa, anayekula kidogo kidogo mchana kutwa. Chakula chake hakikuweza kuondolewa kati ya milo kama cha Sindano. Kijana alikuwa ametatua hilo tangu mwanzo kwa sanduku la mbao lenye tundu: Bi Mkubwa huingia, anakula, anatoka, Sindano aliweza kuingiza kichwa tu. Nililisifu sana sanduku lile.

Wiki ya 28 alikuwa 5.92. Ya 30, 5.90. Ya 32, 5.97.

Safari hii sikugusa gramu. Nikamwomba mama anisomee daftari, na kwenye siku tatu tofauti babu alikuwa ameandika maneno yaleyale: "Leo hakumaliza punje." Paka aliye kwenye mgawo wa kupungua, anayeacha punje koridoni bila dalili nyingine yoyote na uzito wake unapanda, ameshiba mahali pengine. Babu akajitolea kukaa zamu. Kwa maelezo yake, mchana jua lilipofika dirishani Sindano aliliendea sanduku, akapima tundu kwa masharubu kushoto na kulia, akaingiza kichwa, akaingiza bega moja, akatulia kidogo, akaingiza la pili. "Halafu," babu akasema, "akaisha wote."

Alikuwa amepungua kiasi cha kuenea. Kijana alitaka kuziba tundu liwe dogo, lakini Bi Mkubwa naye ni wa kilo 4 na tofauti kati yao haikuwa tena ya seremala. Wakahamishia bakuli juu ya kabati. Siku mbili baadaye wakamkuta Sindano huko juu, mahali ambapo kwa miaka mitatu hakuwahi hata kupatazama. Nilicheka kwenye simu nikaomba radhi. Mwishowe wakafanya lile ambalo ningelishauri mapema kama nisingelipenda sana lile sanduku: Bi Mkubwa akazoezwa milo minne midogo, chumbani, mlango umefungwa dakika ishirini. Wenye uwezo hununua bakuli lenye kifuniko kinachofunguka kwa chipu ya paka mmoja tu, yaani kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi yake, na ni kifaa kizuri. Mlango nao unafanya kazi hiyohiyo.

Wiki ya 44 Sindano alisoma 5.33. Kiuno kilionekana kutoka juu, mbavu zikawa mgongo wa mkono. Lile bonge la manyoya tulikuwa tumelinyoa mapema. Yaliyoota mapya yalikuwa yamelala vizuri na yana mng'ao, na nilimkuta mezani kwangu amejipinda, anajilamba palepale, hana habari na mtu.

Tukaacha kutafuta gramu 130 za mwisho. Alama yake ilikuwa 5, na namba ya lengo ilikuwa makisio tangu mwanzo. Kazi iliyobaki ni ngumu kwa namna yake: paka aliyewahi kunenepa hatarudi kwenye mgawo wake wa zamani. Tulimwongezea asilimia 10 hivi, tukapima kwa wiki mbili, tukaongeza tena kidogo, mpaka akatulia kwenye kilokalori 220. Alianza na 375. Sasa anapimwa mara moja kwa mwezi, na nimewaambia kwamba akipungua zaidi bila kupunguziwa chakula, hasa akiwa na hamu kubwa, wasifurahi, wamlete.

Mara ya mwisho babu alikuja naye peke yake. Kilo 5.30. Alikuwa na ombi, na alilileta kwa kuzunguka, akianzia habari za baridi ya alfajiri. Alitaka kujua kama zile gramu 8 zake zingeweza kufika 10. Nikamwambia zinaweza, mradi 2 zitoke kwenye mlo wa jioni. Akafikiri. Akauliza kama mama wa watoto ataafiki. Nikasema namba ni zilezile, babu, zinahama saa tu. Akatoa kalamu, akaandika 10, chini yake akaandika "jioni toa 2," akafunga daftari akaliweka kapuni chini ya paka.